Mtaro Nyuma ya Gesti

Nilipohamia Bariadi kutoka Nyalikungu, kule Maswa nilikoanzia kazi ya ualimu, niligundua mapema kwamba udongo wa huku haunywi maji. Ni udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka hadi ufa unameza mkono, na masika huvimba, hujifunga, maji yakabaki juu kama yamemwagwa kwenye sinia. Mimi ni mtu wa Rungwe, mvua nimezaliwa nayo, lakini mvua ya kwetu hunukia majani mabichi. Mvua ya mtaa wangu mpya ilinuka choo.

Nilikuwa nimejenga kanyumba kadogo, bado hakajapigwa lipu nje. Upande wa kushoto jirani yangu alikuwa mjane wa Kisukuma, mtu wa umri wa kunizaa, ambaye mtaa mzima ulimwita mayu, yaani mama, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nyuma ya nyumba zetu ulipita mtaro wa maji ya mvua, na ng'ambo ya mtaro kulikuwa na ukuta mrefu wa gesti. Gesti ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja anayenunua pamba na dengu vijijini, na aliijaza vyumba vingi kuliko kiwanja kilivyostahili. Mtaro ule uliteremka hadi bondeni, kwenye kisima kifupi. Bomba la mtaa lilitoa maji siku lilipojisikia, kwa hiyo watu wengi walichota pale kisimani, mayu akiwa mmojawapo.

Harufu ilipoanza nilidhani inatoka kwangu. Nikafunua mfuniko wa choo changu, nikachungulia, nikaufunika. Hakikuwa chenyewe. Nikaanza kufuatilia. Mvua ya rasharasha haikuleta harufu. Mvua kubwa ikianza, mara harufu hiyo, na mvua ikikatika, baada ya muda nayo hupotea. Harufu ya namna hiyo haiji yenyewe. Ina mtu anayeiachia.

Niliwauliza majirani. Kila mmoja alinijibu kwamba ni mvua tu, mwalimu, na kila mmoja alipokuwa akisema hivyo macho yake yalipita kidogo juu ya ukuta wa gesti kabla ya kurudi kwangu. Nilizidi kushuku. Mgeni kwenye mji wa watu hushuku haraka, hasa akiwa hajui lugha ya nyumbani. Nilikuta watu wakizungumza Kisukuma gengeni, nikitokea mazungumzo yanakatika, wananisalimia kwa Kiswahili safi, na mimi nabaki nikijiuliza ilikuwa zamu ya nani kusemwa.

Kisha mayu akaugua. Asubuhi moja sikusikia akifagia uwanja, nikaenda, nikamkuta amelala sakafuni karibu na mlango, tumbo limemwendesha hadi hawezi kusimama. Nilimpeleka hospitali kwa bajaji, nikamshikilia begani njia nzima. Muuguzi alipomtundikia dripu aliuliza anakunywa maji ya wapi. Mayu aliangalia dari. Nikajibu mimi kwamba ni ya kisima. Muuguzi akauliza kama yanachemshwa, na mayu akaendelea kuangalia dari.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, yeye akiwa bado dhaifu, nilimwambia ninachokiamini: kwamba kule gesti shimo la choo linajaa kwa sababu ardhi hainywi, na badala ya kuita gari la kunyonya majitaka, wanangoja mvua kubwa na kulifungulia mtaroni ili mvua ibebe. Akasema anajua. Kila mtu anajua. Nikamwambia basi nitakwenda kutoa taarifa serikali ya mtaa, lakini kimya kimya, na asijue mtu mwingine ila yeye na mimi.

"Kimya kimya?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Hakusema kitu tena hadi tulipofika kwake. Nikauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Ofisi ya mtaa ni chumba kimoja chenye benchi nje. Nilichagua saa ya mchana ambayo watu wako mashambani au wamelala, na sikupita mbele, kwa sababu mbele kuna mafundi wa baiskeli ambao hawana kazi nyingine isipokuwa kuona nani anaingia wapi. Nilizunguka nyuma, nikapita karibu na choo cha ofisi, nikabisha mlango wa uani. Mwenyekiti alikuwa na wanaume wawili. Walikuwa wakiongea Kisukuma na waliponiona wakanyamaza. Mmoja alitabasamu. Niliomba kuzungumza na mwenyekiti peke yake, wakatoka taratibu, kama watu wasiotaka kukosa kitu.

Mwenyekiti alinisikiliza huku akichokonoa meno kwa njiti. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Umeona kwa macho yako, mwalimu, au umenusa?"

Nilikiri kwamba nimenusa. Akasema pua haipelekwi mahakamani, ila kwa kuanzia inatosha. Akanieleza njia ilivyo. Taarifa kama hiyo huanzia mtaani, kwake na kwa mtendaji wa mtaa. Ikishindikana hupanda kata, na kwa mambo ya vyoo na majitaka mtu anaweza kwenda moja kwa moja halmashauri kwa afisa afya, ambaye sisi tumezoea kumwita bwana afya. Mwenye haki ya kuingia kwenye eneo la mtu na kukagua ni yeye, wala si mwenyekiti. Anayetoa taarifa halazimiki kutajwa. Nikamwomba aniahidi hilo la mwisho.

"Jina lako halitatoka kwenye chumba hiki," akasema. Lakini aliposema hivyo alikuwa akiangalia dirishani, na mimi nikaliwekea alama lile dirisha.

Kesho yake jioni, nikiwa natoka shule, pikapu ya mwenye gesti ilisimama kando yangu. Hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya salamu. Akashusha kioo, akanisalimia kwa heshima zote, akauliza habari za wanafunzi na za nyumbani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole ya msiba, "Mwalimu, nasikia unasumbuliwa na harufu. Ukiwa na neno na mimi, kwangu mlango uko wazi." Akapandisha kioo, akaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye tope. Waliojua ni mimi, mayu na mwenyekiti. Mayu nilimtoa kwenye hesabu papo hapo, maana mimi ndiye niliyembeba hospitali, na mimi sikuwa nimejisaliti mwenyewe. Akabaki mwenyekiti. Nikaikumbuka njiti, nikalikumbuka dirisha, nikawakumbuka wale wanaume wawili waliotoka polepole, na nikaona kila kitu kimejipanga.

Tangu siku hiyo mtaa ulibadilika, au mimi ndiye niliyebadilika, sikuweza kupambanua. Mama aliyekuwa akinipitishia maziwa ya asubuhi aliacha kuja bila kunieleza. Gengeni nilipewa nyanya na chenji bila yale maneno mawili matatu ya kawaida. Wale mafundi baiskeli walinisalimia wote kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Shuleni mwenzangu mmoja aliniuliza kama ni kweli nina kesi, na nilipomuuliza nani kasema, akasema ameota tu.

Halafu nikakuta majivu. Yalikuwa yamemwagwa mstari mrefu kwenye geti langu, kutoka nguzo hadi nguzo. Mtumishi yeyote anayehamishiwa Usukumani hujazwa hadithi kabla hata hajapanda basi, za mambo yanayowekwa milangoni mwa watu. Kanisani naenda kila Jumapili, lakini siku ile sikuyakanyaga yale majivu. Nilikunja sketi, nikajibana kando ya michongoma, nikaingia kwangu kwa ubavu na mikwaruzo mkononi. Nilifanya hivyo kila nilipoingia na kutoka, hadi siku nilipomwona mayu anakuja na karai lake, anaongeza majivu mengine juu ya yale yale. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuipenda ni ya nini. Akasema siafu. Wamepanda kutoka mtaroni, wanafuata banda lake la kuku, na wanapitia kwangu. Tulicheka wote wawili. Lakini nilipoingia ndani nilijikuta nachungulia dirishani kuona kama kweli kuna siafu.

Walikuwepo.

Kwa kuwa mwenyekiti nilikuwa nimeshamhukumu, niliamua kupanda juu. Nilipata ruhusa shuleni nikaenda halmashauri ya mji. Bwana afya alikuwa kijana mwembamba, kwa lafudhi yake mtu wa Pwani, naye mgeni kama mimi. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia kwamba taarifa ya mtaani kwetu haijamfikia bado, nami nikatikisa kichwa kwa sababu nilijua haitamfikia kamwe. Akaniuliza ni mtaro upi, upande gani wa ukuta, maji huanza kubadilika rangi dakika ngapi baada ya mvua, na kama kuna kisima karibu. Niliposema kisima, akaacha kuegemea kiti.

Alinieleza kwamba kufungulia choo mtaroni ni kosa kwa sheria ndogo za mji, lakini ni kosa la kukamatwa likitendeka. Ukienda siku ya jua unakuta ukuta mkavu na mwenyewe anakukaribisha soda. Akanipa namba yake ya simu na kuniambia mvua kubwa ikianza nimpigie hapo hapo, saa yoyote ya kazi au isiyo ya kazi.

Niliondoka nimepata moyo. Nikafika kwenye geti la halmashauri na kuikuta pikapu ile ile imeegeshwa chini ya kivuli. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mwenye gesti alikuwa ameingia kwa mlango niliotokea mimi, na kupitia dirisha nilimwona bwana afya anasimama kumpa mkono, wanacheka. Moyo wote nilioupata ukaniishia pale pale. Nikasema huyu naye wameshammaliza.

Mvua kubwa ilikuja Jumamosi moja asubuhi, yenye upepo na mawe. Bati lilipiga kelele hadi sikuweza kusikia redio. Nilipiga simu kwa bwana afya. Iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Nilisimama kwenye dirisha la jikoni nikiuangalia mtaro. Kwanza ulikuwa na maji ya rangi ya chai. Kisha, kidogo kidogo, kutoka upande wa ukuta, ukaanza kuwa mweusi, na harufu ikapanda hadi jikoni kwangu. Nikapiga tena. Hakupokea. Nilijua kwa nini hapokei, na ile hasira ya kujua ilinivalisha kandambili. Nilichukua mwavuli, nikatoka kwenda kuona kwa macho yangu, ili siku nyingine mtu asiniulize habari za pua.

Njia ya kando ya ukuta ilikuwa tope tupu. Niliacha kandambili moja humo, na mwavuli uligeuzwa na upepo. Nilipokata kona nikawakuta.

Bwana afya alikuwa amesimama kwenye maji hadi katikati ya gambuti zake, simu mkononi, anapiga picha. Ndiyo maana hakupokea, simu ilikuwa kazini. Kando yake alikuwa mwenyekiti, suruali imekunjwa hadi magotini, na mtendaji wa mtaa. Na chini ya kipande cha turubai, amejifunika kichwani kama mtandio, alikuwa mayu. Wote walikuwa wakitazama chini ya ukuta, mahali ambapo matofali mawili yalikuwa yamechomolewa, na kilichokuwa kikitoka pale sina haja ya kukieleza. Mlinzi wa gesti alikuwa ndani, akionekana kwenye mlango mdogo wa ukuta, nondo mkononi. Aliponiona na mimi nimefika aliiegemeza ile nondo ukutani taratibu.

Bwana afya aliniambia baadaye kwamba tangu nilipomwendea, kila wingu likitanda alikuwa anakuja. Mara ya kwanza ilinyesha rasharasha, hakukuta kitu. Mara hii mayu alimwona amejikinga kwenye kibanda cha kuku, akamwita ndani, akamwonyesha ni wapi matofali yamelegea. Mwenyekiti na mtendaji aliwaita yeye mwenyewe, bwana afya. Taarifa yangu mwenyekiti alikuwa ameifikisha kata muda mrefu, na huko ndiko ilikokwama.

Pikapu ikafika. Mwenye gesti alishuka bila mwavuli. Bwana afya akamweleza kosa lake, tena kwa upole, kwamba atapewa notisi, hatapokea wageni hadi achimbe shimo jipya linalokubalika, na faini ataijulia ofisini. Yule bwana hakumtazama. Wala hakunitazama mimi. Alimtazama mayu, akamwambia neno kwa Kisukuma, fupi, la chini.

Mayu alimjibu kwa Kiswahili. Nafikiri alifanya hivyo kwa ajili yangu.

"Nilikuja kwako," alisema. "Nikakaa kwenye kiti chako, mke wako akanipa uji. Nikakuambia, mwanangu, uchafu wako umenilaza hospitali, na mwalimu naye unamuumiza, yeye na mimi tutakupeleka serikalini. Ukaniambia mayu nenda, nitaziba. Hukuziba."

Mvua iliendelea. Nilisimama na mguu mmoja peku, nikimsikia mama yule akinitaja kwa cheo changu mbele ya watu wote, na nikaelewa ni nani aliyepeleka habari zangu gesti.

Nilimfuata jikoni kwake. Alichochea moto, akanipa kanga kavu, akaniacha nitetemeke kwanza. Nilimuuliza kwa nini alinitaja wakati tulikubaliana. Akasema hatukukubaliana, mimi ndiye niliyesema. Akasema kwao mtu humfikishi serikalini kabla hujamfikia mwenyewe nyumbani kwake, umwambie usoni, ajue ni nani na ni kwa jambo gani. Akikataa, hapo umemaliza deni la ujirani.

"Lakini mayu, ningeweza kudhurika."

"Ulidhurika?"

Nikamtajia maziwa, gengeni, mafundi baiskeli. Akasikiliza, kisha akageuza kuni.

"Walikuona umezunguka nyuma ya ofisi," akasema. "Wakaniuliza, mwalimu anaingia kwa mwenyekiti mlango wa uani, anamtafuta nani? Kila mtu akajipima mwenyewe. Mama wa maziwa ng'ombe zake wanalala barabarani, akadhani ni yeye. Fundi ana kibanda juu ya mtaro. Huku anayesema watu gizani ndiye tunayemwogopa, ng'wanone. Aliyesema mchana tunamjua."

Ng'wanone ni mwanangu. Alikuwa hajaniita hivyo kabla. Hata hivyo nilikuwa bado nina hasira, na kusema kweli sehemu ya hasira ile haijaisha hadi leo, kwa sababu yeye alizaliwa pale na mimi nilikuwa mgeni, na si kila mlango unaomkaribisha yeye na uji ungenikaribisha mimi.

Gesti ilifungwa msimu mzima. Shimo jipya likachimbwa mbele, likajengewa kwa tofali na zege, na gari la majitaka likaja kumaliza la zamani. Watu wa maji walikitia kisima dawa, kikazungushiwa uzio, na halmashauri ikatuwekea kituo cha maji upande wa juu, ambacho hutoa maji siku nyingi kuliko lile bomba la zamani. Mama wa maziwa alirudi baada ya kupata hakika kwamba ng'ombe wake hawakuwa ajenda yangu. Mwenyekiti nilimwendea kwa mlango wa mbele, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia, lakini mafundi walikuwa wanatusikiliza na nikaishia kumsalimia na kuuliza habari za mvua. Alinijibu kwamba mvua ni nzuri. Mwenye gesti bado hunisimamishia pikapu na kuniuliza habari za wanafunzi, na bado sijui anamaanisha nini.

Bwana afya nilimuuliza siku moja kuhusu ule mkono na kile kicheko dirishani. Akasema yule bwana alikuwa amekuja kufuatilia leseni ya gesti, na ofisini mtu hupewa mkono. Nilimwamini nusu. Mwaka uliofuata akahamishwa mkoa mwingine. Mtaani walisema ni uhamisho wa kawaida, na huenda ni kweli.

Juzi alikuja kwangu mwanamume wa mtaa wa pili, ambaye namfahamu kwa sura tu. Alisimama getini, akaangalia kulia na kushoto, akaniomba nimweleze taratibu za kumripoti jirani anayechinjia nguruwe nyumbani na kutupa matumbo kwenye mtaro. Nilimweleza: mtaa, mtendaji, bwana afya, na kwamba si lazima atajwe. Kisha nikamuuliza kama ameshamwendea huyo jirani mwenyewe na kumwambia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni ndugu yake?"

Nikasema hapana, hata simjui. Akanishukuru, akaondoka haraka, na nilimwona anapita ofisi ya mtaa bila kuingia, anakunja kona kuelekea nyuma.